Kabuti la Mahari Ziwani

Kila alfajiri Muiruri alijivika kama mtu anayekwenda kulinda ng'ombe mlimani, na hilo lilimkera mke wake Wangare kuliko hata mikoromo yake.

Wangare alikuwa ameketi kitandani akimnyonyesha Shiko, akimtazama mumewe kwa mwanga wa simu. Kwanza suruali ya jinzi. Halafu shati, sweta, sweta nyingine juu yake, na kofia ya marvin hadi kwenye nyusi. Kisha gambuti za shamba zinazofika magotini. Mwisho alilitoa kabuti kwenye msumari na kulivaa polepole, bega moja kwanza, kama padri anayevaa joho lake.

"Baba Shiko, unaenda kuvua samaki ama unaenda Kinangop kuchimba viazi?"

"Baridi ya asubuhi unaijua wewe? Wewe uko ndani ya blanketi."

"Na jua likitoka?"

"Nitaivua."

"Ukiivua unaiweka wapi?"

Muiruri alijifanya anatafuta kiberiti. Jibu Wangare alilijua, kwa sababu yeye ndiye mfuaji. Kabuti lilitupwa sakafuni mwa boti, pale panapokusanyika maji ya kuvuja na maji ya nyavu, likanywa hapo asubuhi nzima kama ng'ombe aliyefika mtoni. Mchana, upepo ukiamka na wingu jeusi likishuka kutoka upande wa Mau, Muiruri aliliokota na kulivaa tena likiwa limeshiba maji, akisema anajikinga na mvua. Alirudi nyumbani meno yakigongana. Tangu aanze kazi hiyo kifua chake kilikuwa kikilia usiku kama mlango usiotiwa mafuta.

Hata hivyo alilivaa, maana halikuwa kabuti la kununuliwa tu. Lilitoka kwa baba yake, Mzee Mathenge wa Kabazi. Dada yake Muiruri alipoolewa, wakwe walimletea mzee kabuti, kofia na blanketi, kama desturi inavyotaka, baba wa msichana asiachwe na baridi baada ya kuchukuliwa binti yake. Lilikuwa kabuti la sufu nzito, lenye vifungo vikubwa kama shilingi za zamani. Mzee alilivaa kanisani na kwenye mikutano ya chifu. Kisha Muiruri alipopoteza kazi kwenye shamba la maua, akampigia baba yake simu kumwambia kwamba sasa yuko kwenye samaki, mzee alilikunja na kulituma kwa mtu anayekuja Naivasha. "Umpe mwanangu, huko kando ya maji kuna baridi." Basi kulikataa kabuti hilo, Muiruri alisema, ni kukataa baraka.

"Baraka gani inanyonya maji?" Wangare aliuliza siku moja, na hawakuongea hadi jioni.

Chumba chao kilikuwa Karagita, kwenye ploti yenye milango inayotazamana na kamba moja ya nguo kwa wote. Hapo kambani ndipo Wangare alipojifunza alichokijua. Jinzi ikianikwa asubuhi, jioni bado inadondosha kiunoni. Sweta ya sufu inavutwa na uzito wake hadi inakuwa gauni. Lakini ile jezi kuukuu ya mpira wa miguu, hata kabla ugali haujaiva, unaikuta imekauka. Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la nane na hakuna aliyemfundisha hayo. Alikuwa amefua tu, akaangalia.

Aliangalia pia ufukweni. Kila siku boti zikirudi, Wangare alishuka na beseni kununua samaki wa kukaanga, awauzie wafanyakazi wa maua wakitoka zamu. Hapo aliwatazama wavuvi wengine. Owuor, aliyewahi kufanya kazi na Muiruri kwenye maua na ndiye aliyemwingiza kwenye boti, alivaa kaptula, jezi, kisweta chepesi cha zipu, na juu yake jaketi fupi la nailoni. Miguu mitupu. Asubuhi alifunga zipu hadi kidevuni, jua likitoka akavikunja vyote viwili na kuvitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo. Mvua ikija, alifungua mfuko na kutoa nguo kavu. Kazi ilikuwa imeisha hapo. Wangare alitamani kulia kwa jinsi jambo lilivyokuwa dogo.

"Shemeji," Owuor alimwambia siku moja, akimchagulia tilapia wanene, "ongea na mtu wako. Mathe Anyango amechoka."

Anyango, ambaye wavuvi walimwita Mathe, yaani mama, ndiye mwenye boti, mwanamke wa makamo aliyevaa buti fupi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Tangu mtu wa boti nyingine azame upande wa mafunjo, hakutaka mzaha.

"Amechoka na nini?"

"Na hiyo kabuti. Jaketi ya kuelea haitoshi juu yake. Kwa hivyo bwana yako anaikalia."

"Anaikalia?"

"Kama mto wa kiti. Anasema inamkinga matako na baridi." Owuor alicheka, kisha akaacha. "Mathe amesema kuanzia Jumatatu, mtu ambaye hajafunga ya kuelea juu ya nguo zake hapandi. Na unaona wale?" Alielekeza kidevu kwa vijana waliochuchumaa kwenye kivuli cha kibanda. "Hao wote wanangojea kiti kimoja kiwe wazi."

Wangare alipanda kilima na beseni kichwani, Shiko mgongoni, na hasira mahali fulani katikati. Kiti hicho ndicho kilichowalisha. Kikienda, hakuna shamba la maua lililokuwa likiandika watu, na samaki wa kukaanga peke yao hawakutosha hata kodi.

Keshoye akaenda sokoni kwa Shiru, muuzaji wa mitumba aliyekuwa amefungua belo la jaketi. Aliinama akachambua. Alisukuma kando nzito zote, hata zile nzuri. Alikunja vitambaa, akavipuliza kwa mdomo kuona kama pumzi inapita. Mwisho alitoa chupa ya maji ya mtoto na kumwaga kidogo kwenye mkono wa jaketi la nailoni la buluu.

"We! Mama! Hiyo ni kamera, daraja la kwanza, haijaguswa na mtu, unaiogesha?"

"Naangalia kama inakunywa."

"Kwani ni mlevi?"

Watu waliokuwa wakichagua wakacheka. Wangare hakucheka. Aliangalia matone yakibingirika na kuanguka chini, akakung'uta mkono wa jaketi, ukawa mkavu. Akalichukua, na kisweta chepesi cha kijivu cha kuvaa ndani.

"Bwana yako anaendesha pikipiki?" Shiru aliuliza akifunga mfuko.

"Anaenda ziwani."

"Na jaketi ya kike?"

Wangare aligeuza. Kweli, kiuno kilikuwa kimebanwa kidogo, na bitana ya ndani ilikuwa ya zambarau. Lakini lilikuwa kubwa, mabega yangemtosha, na hakukuwa na jingine lililoyakataa maji hivyo. "Samaki hawatauliza," alisema.

Muiruri aliuliza. Aliliinua kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya mkiani.

"Hii ni ya mwanamke."

"Ni ya mtu anayetaka kurudi mkavu."

"Unataka Owuor na wenzake wanicheke hadi Krismasi? Ona hii rangi ya ndani!"

"Ndani ni ndani. Nani atakuona ndani?"

"Nikiivua jua likitoka?"

"Aa! Kwa hivyo unajua utaivua!" Wangare alipaza sauti, Shiko akashtuka na kuanza kulia. Akambembeleza mtoto huku akiendelea kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. "Baba Shiko, nguo ya ziwa si moja. Ni ya asubuhi, na ya jua, na ya mvua, na ukianguka iwe haikuvuti. Hiyo kabuti ni ya asubuhi peke yake. Jumatatu Mathe Anyango atakufukuza."

"Hawezi. Nitavaa hiyo ya kuelea."

"Juu ya nini? Haifungi!"

"Mama Shiko, niachie mambo ya kazi."

Simu ikalia. Alikuwa Mzee Mathenge, akiuliza hali. Wangare alisikia sauti yake nyembamba, "Ile kabuti unavaa?" na Muiruri akajibu kwa fahari, "Kila siku, baba." Kisha akamtazama mkewe kama mtu aliyeshinda kesi.

Jumatatu akaondoka amevaa kabuti. Jaketi la buluu lilibaki msumarini. Wangare alimfuata kwa macho hadi kona ya ploti.

Aliyoyatenda mumewe asubuhi hiyo Wangare aliyasikia baadaye kwa Owuor. Muiruri alivaa jaketi la kuelea ndani, akalifunika na kabuti, akaacha ukanda mmoja wa rangi ya machungwa uchungulie shingoni. Anyango aliuliza akiwa mbali, "Muiruri, umefunga?" Naye akauvuta ule ukanda na kumwonyesha. "Niko nayo, Mathe!" Boti ikaondoka.

Upepo ulianza kabla ya wakati wake. Wangare alikuwa tayari ufukweni na beseni. Maji yaliyokuwa yametulia yakaanza kukunjamana, yakageuka rangi ya risasi, na mvua ya mawe ikaja ikitembea juu ya ziwa kutoka ng'ambo kama mtu anayemwaga mahindi kwenye bati. Boti zikakimbilia ufukweni moja moja. Boti ya Anyango ilikuwa ya mwisho kutokeza kwenye mafunjo, nayo ilikuja upande upande, kwa shida. Wangare aliona vichwa viwili. Wanaume walioondoka walikuwa watatu. Ubavuni mwa boti kulikuwa na kitu cheusi kikiburutwa majini, kama gunia.

Hakupiga kelele. Alishika tu miguu ya Shiko mgongoni, akaikaza sana hata mtoto akalia.

Gunia lilikuwa Muiruri. Karibu na mafunjo alikuwa amesimama kuachia wavu ulionasa, wimbi likapiga, akaenda. Kabuti, lililokuwa limeshalowa tangu asubuhi, lilijaa. Gambuti zikajaa. Lile jaketi la kuelea likajaribu kupanda juu, lakini lilifungiwa ndani ya vifungo vya mzee, likaishia kumbana koo na kidevu. Mikono hakuweza kuinua. Owuor alimkamata kwenye ukosi, lakini kumwingiza botini hakuna aliyeweza, maana ni kama kuinua ng'ombe. Basi wakamshikilia ubavuni na kupiga kasia kwa mkono mmoja mmoja hadi pasipo na kina.

Walimlaza kwenye nyasi. Alitapika maji, akatetemeka, akaishiwa rangi. Anyango alisimama juu yake akafungua vifungo vya kabuti kimoja kimoja, kwa nguvu, kwa sababu sufu ilikuwa imevimba. Alipoona jaketi la kuelea ndani, aliushika ule ukanda.

"Ulinionyesha mkanda," alisema.

Muiruri alikohoa maji mengine.

"Huyu asipande boti yangu tena," Anyango aliwaambia wote, akaenda zake.

Wangare alimvua mumewe zile sweta mbili, akamfunga leso ya kumfunikia Shiko mabegani. Kisha, kwa vile Muiruri hakukubali kabuti liachwe, alilibeba yeye. Mtoto mgongoni, beseni tupu kichwani, kabuti begani likimdondoshea maji hadi kwenye viatu. Aliogopa kwamba akifungua mdomo atamtukana mtu ambaye saa moja iliyopita alikuwa tayari kumlilia.

Jioni, Muiruri akiwa chini ya blanketi na kikombe cha chai ya tangawizi, simu ililia tena.

"Kumenyesha huko?" aliuliza mzee. "Kabuti imekusaidia?"

"Imenisaidia sana, baba," alisema Muiruri, na akakohoa.

Hapo kitu kikakatika ndani ya Wangare. Alinyoosha mkono akachukua simu.

"Baba, ni Wangare. Habari ya huko? Habari ya mama?" Aliuliza hata ng'ombe na viazi, kwa heshima yote, maana mkwe ni mkwe. Kisha akasema, "Baba, nisamehe, lakini leo hiyo kabuti imetaka kumzamisha mtoto wako. Alianguka ziwani akiwa ameivaa."

"Alianguka ziwani?" mzee aliuliza. "Alikuwa anafanya nini ziwani?"

"Anavua, baba. Ni mvuvi."

"Muiruri? Mimi nilijua anauza samaki! Amesimama nje, kwenye meza!" Sauti ilipanda. "Hiyo nilimpa ya kusimama nayo kwa baridi. Nani alimwambia aingie nayo majini? Hata ng'ombe akivuka mto unamtoa mzigo! Mpe simu huyo mjinga."

Wangare alimpa. Muiruri aliiweka sikioni, akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akisema "ndio baba, ndio baba," kama mtoto aliyevunja chungu.

Kwa hiyo hakukuwa na baraka iliyokatazwa kuvuliwa. Hakukuwa na chochote, ila mwanamume aliyeona haya kumwambia baba yake, mkulima mtoto wa mkulima, kwamba anapanda boti. Wangare alikaa kwenye kigoda akahesabu usiku wote aliomsugua kifua kwa mafuta ya mkaratusi, na siku zote alizokunja mgongo akilikamua lile dude pamoja na mama wa mlango wa pili, mmoja huku mmoja kule. Alifunga nepi ya Shiko kwa hasira.

"Ungesema tu," alimwambia.

"Ningesema nini?"

"Chochote!"

Asubuhi iliyofuata alishuka kwa Anyango akiwa peke yake na mtoto. Alimkuta akirekebisha wavu.

"Mathe, nimekuja kuomba kiti cha baba ya huyu."

"Kiti kina watu saba." Anyango hakuinua macho. "Mama, mimi sikumtoa kwa sababu ya kabuti. Mjinga anafundishwa. Nilimtoa kwa sababu nilimuuliza akanionyesha mkanda. Siku atakufa, watakuja kuniuliza mimi."

"Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie vile nimesema. Usimpakie sukari."

Wangare akaenda akamwambia vile vile, bila sukari. Muiruri alikaa kitako siku mbili akikohoa na kutazama ukuta. Siku ya tatu, bila kuambiwa, aliamka alfajiri, akavaa kaptula, jezi, kisweta cha kijivu, na jaketi la buluu juu. Wangare akameza maneno yote aliyokuwa nayo, akafunga Shiko mgongoni na kumfuata kwa nyuma.

Ufukweni vijana walipiga mluzi. "Niaje, madam! Kiuno hicho umepata wapi?"

Muiruri alipita hadi kwa Anyango. "Mathe, nilikudanganya," alisema. "Nilifunga ndani."

"Najua ulifunga ndani. Niliona." Anyango alimkagua kutoka kichwani hadi miguuni, akamtupia jaketi la kuelea. "Funga."

Likafunga, mikanda yote mitatu, juu ya nguo.

"Sasa ingia maji."

"Sasa hivi? Kuna baridi, Mathe."

"Ziwa litakungojea kupate joto? Ingia hadi usiguse chini. Halafu upande boti bila mtu kukushika."

Vijana wote wakasimama. Muiruri alimtazama mkewe. Wangare hakumsaidia kwa neno wala kwa uso. Alikuwa amesaidia vya kutosha. Akaingia. Maji yalipofika kifuani alipiga ukelele mmoja mwembamba, na ufukwe mzima ukaangua kicheko. Akaelea. Mikono ilikuwa huru. Alishika ukingo wa boti, akajivuta, akateleza, akarudi majini. Owuor, aliyekuwa ndani, alianza kunyoosha mkono, Anyango akamkoholea, akaurudisha. Mara ya pili Muiruri alirusha mguu, akajipindua, akaanguka ndani ya boti kama kambale.

"Kaa hapo," alisema Anyango. Kisha kwa wale vijana, "Mmeona? Anayetaka kiti hufanya hivyo kwanza. Kuanzia leo."

Kicheko kikaisha ghafla.

Boti iliondoka Muiruri akikamua jezi yake kwa mikono. Wangare alitaka kufurahi. Alijaribu. Lakini alichokiona kichwani ni jaketi lile lile la buluu likining'inia msumarini siku ambayo mtu alikuwa anazama.

Jioni boti ilirudi salama, na upepo ulikuwa umepiga kama kawaida. Wangare alikaa mlangoni kwake na kisu, akiparua samaki wa mumewe, huku Muiruri amesimama uani, mkavu, mikono mfukoni, akiongea na jirani yao Kabiru aliyekuwa akifikiria naye kuacha maua aende ziwani.

"Sikiza, Kabiru," Muiruri alisema. "Kosa la watu wetu wa milimani ni kuvaa ya kuzuia baridi. Ziwani unavaa ya kukauka. Ndani nyepesi, juu nailoni, na akiba kwenye mfuko uliofungwa. Ukinunua mitumba, mwaga maji kwanza uone kama inakunywa."

"Hiyo ni akili," Kabiru alisema. "Nani alikuonyesha?"

"Ah, ni mtu kuangalia tu. Mimi niliangalia, nikaona."

Kisu cha Wangare kilisimama. "Uliona?"

Muiruri aligeuka, akakohoa kidogo ingawa kifua kilikuwa kimeanza kutulia.

"Si tuliona," alisema.

Wangare aliinama tena juu ya beseni na kuparua kwa nguvu, kutoka mkiani kwenda kichwani. Magamba yaliruka kila upande. Moja lilimganda Muiruri shavuni, likang'aa pale alipokuwa akimweleza Kabiru habari za zipu. Wangare aliliona, na hakumwambia.